Faili la tuzo ya usanifu majengo huanza saiti

Kazi nyingi nzuri za Mombasa huanguka kwenye tuzo kwa sababu faili lilianzwa siku tangazo la tuzo lilipotoka. Kufikia hapo picha za kiwanja kabla ya msingi hazipo, fundi wa chokaa ameshahamia kazi nyingine, na mwenye nyumba ametundika kiyoyozi mbele. Nyinyi mnaoanza, fungueni faili siku ya kupima kiwanja.

Jueni pia tuzo inapima nini. Pritzker, tuzo ya kimataifa ya wasanifu majengo, humpa mtu heshima kwa kazi zake zote. Tuzo ya Aga Khan, iliyoanzishwa 1977 na kutolewa kila baada ya miaka 3, hupima mradi wenyewe: lazima uwe umekamilika na unatumika, na wataalamu hutumwa kuukagua kabla majaji hawajaamua. Dola milioni 1 hugawanywa kati ya washindi, na mafundi na wateja huweza kutambuliwa pamoja na msanifu. Andikeni basi majina ya wote mapema, aliyechonga mlango na aliyekoroga chokaa wakiwemo.

Mchoro wa kutilia bidii ni mkato, yaani jengo likionyeshwa kama limekatwa wima ili ndani yake ionekane. Shule ya Msingi ya Gando, Burkina Faso, kazi ya msanifu Francis Kéré, ilipata tuzo hiyo 2004. Bati lake limeinuliwa juu ya dari ya matofali ili hewa moto itoke, na mkato mmoja unalieleza jambo hilo lote. Kwa jengo la Mji wa Kale, onyesheni unene wa ukuta wa matumbawe, boriti za mikoko, na njia ya upepo wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Vyumba vya zamani vilikuwa vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa kuwa boriti haivuki zaidi. Mkipanua kwa zege, semeni kwa nini. Jaji anayeijua pwani atauliza.

Skeli, yaani uwiano wa mchoro na jengo lenyewe, msiiandike kwa tarakimu peke yake. Mchoro wa 1:100 kwenye karatasi ya A1 ukichapwa A3 huwa 1:200, na maandishi yanabaki yakidanganya. Choreni mstari wa skeli, uliogawanywa kwa mita, utapungua pamoja na mchoro.

Picha za nje zipigwe kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, au jioni kuanzia saa kumi na nusu. Adhuhuri jua la pwani liko utosini na nakshi zote hulala bapa. Watu waliokaa barazani waacheni walipo: baraza tupu halimwonyeshi jaji linatumikaje. Kwa ukurasa mzima wa A3 picha iwe na pikseli 4961 kwa 3508. Pigeni tena baada ya masika, maana chumvi na mvua hufichua kutu ya nondo na rangi inayobanduka, na mkaguzi ataviona hata mkivificha.

Barua ya ruhusa ya mwenye jengo ichukueni kabla hamjamkabidhi funguo. Na saa ya mwisho ya kutuma faili ikiandikwa GMT, ongezeni 3: saa sita usiku yao ni saa tisa usiku yetu.