Kurusha mpira na kona: refa anapoona mguu asione mahali

Asalaam aleikum wanajukwaa. Ndugu yetu ameuliza kwa nini marefa wa huku Malindi wanaachia mipira ya kurusha inayorushwa mbali na ilikotokea, na kona zinazopigwa watu wakiwa wamekamatana jezi, ilhali sheria iko wazi. Nimepuliza filimbi kwenye ligi za mitaa hapa kwa miaka tisa, Barani, Maweni hadi Muyeye, na naweza kusema sheria tunaijua. Shida ni kwamba tunaadhibu kosa lililo rahisi kuonekana, tunaliacha lile linaloumiza.

Sheria ya 15 ya soka, ile ya kurusha mpira, inamtaka mrushaji auelekee uwanja, kila mguu uwe umegusa chini, juu ya mstari au nje yake, atumie mikono miwili, mpira uanzie nyuma ya kichwa upite juu yake, na aurushe pale pale ulipovukia mstari. Akikosea lolote kati ya hayo, anarusha mpinzani. Kwa hiyo mguu na mahali vina adhabu moja. Lakini kwetu kisigino kikiinuka, uwanja mzima unapiga kelele na refa anapuliza. Mtu akitembea na mpira hatua kumi na tano kuelekea goli, kimya.

Haya yamenifika mwenyewe. Ilikuwa fainali ya mtaa, mwezi wa Julai, kusi inavuma na chokaa ya mstari imeshafunikwa nusu na mchanga. Kipindi cha kwanza nilimnyima beki mpira wa kurusha kwa sababu aliinua mguu, na nilikuwa sahihi. Dakika za mwisho winga wa upande wa pili akaokota mpira uliotokea usawa wa mwarobaini, akasogea nao kama anayetafuta wa kumrushia, akaja kuurusha karibu na kibendera cha kona. Nilimwona. Nikasema moyoni, ni mpira wa kurusha tu. Ukapigwa kichwa, ukaguswa, goli. Nahodha wa waliofungwa hakunitukana. Alikuja taratibu akaniambia, "Refa, mguu wetu uliuona. Mahali pao hukupaona?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikikutana naye sokoni naona haya.

Tangu siku ile, mpira ukitoka nakimbilia usawa wake na kunyoosha mkono pale pale. Hatua moja mbili siziangalii, mchezo lazima uende. Zikifika tano namrudisha, na akirudia nampa mpinzani. Mpinzani naye anatakiwa akae mita 2 kutoka hapo mahali. Yule anayerukaruka mbele ya mrushaji akipunga mikono ni kadi ya njano, na kama mpira umesharusha­wa, inaongezwa friki isiyo ya moja kwa moja, ile isiyofunga goli mpaka mtu mwingine auguse. Hii kwenye viwanja vyetu nimeiona ikitolewa mara moja tu.

Kona ndiyo nzito. Watu wanabishania mpira kuwa nje ya ile robo duara, na mara nyingi hauko nje: ukining'inia juu ya mstari hata kidogo, ni halali. Wakati wa kusi mpira unabiringika wenyewe kabla ya kupigwa. Hapo kona inarudiwa, maana lazima uwe umetulia. Kibendera hakisogezwi, na wapinzani wawe mita 9.15 kutoka kwenye duara. Hayo yote ni madogo. Kubwa ni mikono ndani ya boksi.

Na hapa wengi tunakosea, hata marefa. Beki akimshika mtu kabla kona haijapigwa, hakuna penalti, kwa sababu mpira bado haujaingia mchezoni. Unaweza kumwonya au kumpa kadi, kisha kona inapigwa. Mpira ukishapigwa ukasogea waziwazi, mshiko ule ule ni penalti. Refa anaiona adhabu hiyo ni kubwa mno kwa kosa linalofanywa na watu wanane kwa pamoja, basi anameza mate.

Mfano mzuri wa adhabu nzito kumfanya refa anyamaze ni kipa. Miaka mingi sheria ilimpa sekunde 6 kukaa na mpira mikononi, akizidisha ni friki isiyo ya moja kwa moja ndani ya boksi lake. Nani aliyeipuliza? Kuanzia msimu wa 2025/26 wakampa sekunde 8, refa anahesabu tano za mwisho kwa mkono, na adhabu ikawa kona. Adhabu ikashuka, kosa likaanza kupulizwa. Ndiyo maana kwenye kurusha sikubali kisingizio: kumpa mpinzani arushe ni adhabu nyepesi kuliko zote, na bado tunaiogopa.

Kwenye kona basi huwa sisubiri. Nazuia mpigaji kwa filimbi, nawaendea wale wawili waliokamatana, nasema kwa sauti kila mtu asikie: mpira ukipigwa mkiwa hivi, naonyesha penalti. Mara nyingi mikono inashuka. Mara mbili haikushuka, na nikaonyesha. Zote mbili beki aliyeshika aliinamisha kichwa. Waliobisha ni wenzake waliokuwa mbali.