Lebo ya redio ndani ya koti la mtumba

SWALI: Nauza makoti ya mtumba Owino, Kampala. Juzi mteja alipapasa lebo ya ndani, akahisi kitu kinakwaruza. Akalirudisha koti akisema ni redio, atafuatwa hadi nyumbani. Ni kweli?
Muuza makoti

JIBU: Dada yangu, mteja wako hakukosea kuuliza, ila hofu yake imezidi. Mwaka jana nilifumua lebo kama hiyo kwenye suruali ya mwanangu, nikaiinua dirishani penye jua. Niliona uzi mwembamba wa metali umejikunja kama nyoka, na katikati kitone cheusi kidogo kuliko punje ya simsim. Basi. Betri haina. Huamka pale tu mashine ya kuisoma inapoipigia mawimbi, ikataja namba yake na kunyamaza. Ni suala la mita chache. Setilaiti haiioni, na simu ya jirani haisomi lebo za aina hii.

Linaloniuma mimi ni hiyo namba. Ule msimbo wa mistari tuliouzoea hutaja aina ya bidhaa tu: sabuni mbili za aina moja, msimbo mmoja. Lebo ya redio hulipatia kila koti namba yake peke yake. Jina lako halimo, lakini ukinunua nguo mpya dukani ukalipa kwa simu, namba ya nguo na namba ya simu yako zinaweza kuandikwa pamoja. Tangu hapo, ukipita mlango wenye mashine yao, koti linakutaja nawe hujafungua mdomo.

Duka linaweza kuiua lebo palepale kaunta, kwa amri yenye nywila, na ikifa haifufuki. Waombe. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa pia haki ya kuuliza wanahifadhi nini juu yako.

Kwenye mtumba, mwenye nywila yuko ng'ambo, kwa hiyo chukua mkasi. Fumua lebo yote kwenye mshono, kisha pasua kile kitone chenyewe. Ukikata ncha ya uzi tu, mashine ikisogezwa karibu huenda bado ikaisoma. Usiitupe kwenye jiko la mkaa, moshi wa plastiki ni sumu. Na ukate mbele ya mnunuzi, umpe vipande mkononi.

Yule aliyerudisha koti akipita tena, mwite.