Mbona haioti? Maswali yenu kuhusu minazi, mitende na mipapai ya mbegu

Shikamoo bwana shamba. Nimefukia nazi tatu uani, huu mwezi wa pili, sioni kitu. Nizitoe? (Msomaji, Bagamoyo)

Marahaba. Usizitoe. Nazi huchukua miezi miwili mpaka minne kuchomoza, na zipo zinazofika sita. Ila nikuulize: ulifukia nazi au koroma? Dafu halioti, na koroma ni kubahatisha. Nazi ya mbegu ni ile iliyokomaa mtini, kumbi limekauka, na ukiitikisa sikioni unasikia maji yakicheza. Isiyo na maji usiipotezee muda.

Usiifue, maana makumbi ndiyo yanayoshika unyevu. Ilaze ubavu, ufukie kama theluthi mbili, mgongo ubaki nje. Mwagilia udongo ukianza kukauka, usiugeuze tope.

Hiyo miezi ya ukimya si ya bure. Chipukizi hutokea kwenye jicho moja kati ya yale matatu, na kabla hujaliona linalazimika kupenya kumbi lote. Kwa ndani kunakua joya, lile donge jeupe laini kama sifongo, linanyonya maji na nyama ya nazi na kulisha mche. Wengi tumekua tukiligombea kwa utamu wake, wala hatukujua kwamba ndilo mdomo wa mnazi. Kwa hiyo siku ya kuhamisha, mche uende na nazi yake. Ukiibandua kwa kudhani kazi yake imekwisha, umemnyang'anya mtoto ziwa, kwani mche huendelea kula humo kwa miezi mingi.

Niko Maskati. Kokwa za tende aina ya Khalas zimeniotea, lakini kila moja ina jani moja tu kama nyasi. Huu kweli ni mtende? Na utazaa Khalas? (Msomaji, Oman)

Ni mtende, ndugu yangu. Majani ya mwanzo huwa mazima, hayajachanika. Makuti yenye umbo unalolijua huja baadaye.

Niliwahi kukata chupa ya maji ya plastiki nikapanda kokwa ubavuni kabisa, niitazame. Kwanza ulitoka mkia mweupe kwenye kokwa, ukashuka moja kwa moja chini. Nilihesabu wiki, juu hakuna kitu, na huku mzizi umeshagusa kitako cha chupa. Jani lilipokuja halikutoka kwenye kokwa, lilipasua ubavu wa ule mkia, mbali kidogo na kokwa yenyewe. Ndiyo maana nawasihi msifukue fukue mbegu za mitende kuzichungulia: mkia ule ukikatika, habari imekwisha. Na chombo kiwe kirefu kuliko kipana.

Kuhusu Khalas, jibu ni hapana. Kila kokwa ni mtoto mwenye sura yake, na karibu nusu yao huwa madume yasiyozaa. Utajua yakitoa maua, baada ya miaka kadhaa. Ukitaka Khalas yenyewe, tafuta chipukizi linaloota shinani mwa mama, na huko uliko hayakosekani. Mitende yako ya kokwa itunze kwa kivuli na uzuri wake. Mwaka 2005 huko Israel iliota kokwa ya tende ya miaka kama 2000, iliyochimbuliwa kwenye magofu ya Masada. Mche wakauita Methuselah, nao ukaja kuwa dume! Mimi nisingeukata.

Nilianika kokwa za embe juani wiki tatu ili zikauke vizuri, nikapanda, hakuna hata moja iliyoota. (Msomaji, Morogoro)

Umeziua kwa kuzianika. Tende huvumilia ukavu, embe halivumilii. Kula embe, osha kokwa, ipasue taratibu kwa kisu pembeni, toa mbegu iliyomo na uipande ndani ya siku chache. Kokwa moja ikitoa machipukizi mawili au matatu usishangae, maembe mengine ndivyo yalivyo.

Mipapai yangu mitano ina maua yananing'inia kwenye vikonyo virefu, haizai. Jirani anasema nipigilie msumari. (Mama wa Kisauni, Mombasa)

Mama, achana na msumari. Hiyo mitano ni madume. Mpapai jike ua lake hukaa karibu na shina, halina kikonyo kirefu. Dume mara moja moja hujitolea vipapai vichache vyenyewe, na hapo ndipo msumari unapopewa sifa isiyo yake.

Anza upya hivi: toa mbegu kwenye papai lililoiva, zisugue kwenye chujio mpaka ule utelezi utoke, kwa sababu unazuia kuota. Anika kivulini. Panda miche mitatu au minne kila shimo, using'oe kitu mpaka uone maua, baada ya miezi minne hadi sita hivi. Hapo bakiza jike moja kwa shimo, na dume moja kwa majike kama kumi.

Jirani ana michikichi ya kisasa ya Tenera. Niokote mbegu zake nipande ekari moja? (Msomaji, Kigoma)

Kwa ekari, usifanye hivyo. Tenera ni chotara wa Dura na Pisifera, na watoto wake hutawanyika: wengine hurudi kuwa Dura wenye kokwa nene na mafuta machache, wengine Pisifera, ambao mara nyingi hawakomazi matunda. Utapalilia miaka mitatu, minne, ndipo ugundue. Isitoshe mbegu za mchikichi ni nzito kuota. Wataalamu huziweka kwenye joto la karibu nyuzi 40 kwa miezi miwili au zaidi, ndipo waziloweke. Uko jirani na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, kaulizie miche huko. Zile za jirani panda mbili, tatu nyuma ya nyumba, upate mawese ya mboga.