Mtaro wa Masika Huombwa Kipupwe

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mombasa, na karibu zote zinauliza juu ya vyama vya wakaazi wa mitaa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu swali lake limejificha ndani ya barua nyingine nyingi nilizoziweka kando.

Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni katibu wa chama cha wakaazi wa mtaa mmoja huku Majengo. Kila masika mtaro wetu hufurika na maji machafu yakaingia mpaka ukumbini. Kila masika sisi hukutana, tukaandika barua, tukaambiwa kuwa ombi letu limepokelewa. Mwaka huu tulikwenda mpaka kwenye kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, tukasema yetu na tukapigiwa makofi. Bajeti ilipopitishwa, mtaro haukuwamo. Je, kuna haja ya kuendelea na chama hiki?
Katibu, Majengo

Waaleikum salaam, ndugu Katibu. Haja ipo, ila mnafika sokoni watu wakiwa wanafunga vibanda.

Masika ya pwani hupamba moto Aprili na Mei. Hapo ndipo mtaro hufurika, na hapo ndipo watu hukumbuka kuwa wana chama. Kwa upande wa serikali, mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka mbele ya bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, kisha waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio yenyewe ya bajeti kufikia 30 Aprili. Kikao mlichohudhuria, kwa jinsi ulivyokieleza, kilikuwa cha makadirio, yaani cha mwisho. Wakati huo wawakilishi wa wadi bado wanaweza kuongeza fedha za mtaro wenu, lakini sheria inawataka wapunguze kiasi kama hicho mahali pengine. Nani atasimama bungeni aseme zahanati ya wadi yake ipunguziwe ili Majengo pazibuliwe? Wakati mwafaka wa kuomba mtaro ni Juni hadi Agosti, kipupwe, jua likiwa pole na mtaro ukiwa mkavu, wakati mpango wa maendeleo unaandikwa. Mradi usioingia katika mpango huo hupata taabu sana kuingia katika bajeti.

Sasa barua yenyewe. Umeniambatishia nakala ya ile mliyoiandika, nami nimeisoma. Ina kurasa mbili, na ukurasa mzima wa kwanza ni salamu na malalamiko ya jumla kuwa mtaa umesahaulika. Afisa anayeisoma hawezi kujua mtaro uko wapi. Tokeni siku moja na futi kamba, mpime mtaro kutoka unapoanzia mpaka unapomwaga maji, muandike ni mita ngapi, umevunjika wapi, umezibwa na nini, na ni nyumba ngapi zilizoingiwa na maji. Pigeni picha ya alama ya maji ukutani, ile mistari ya tope inayobaki kwenye chokaa baada ya mafuriko, huku mtu ameshika kipimo kando yake. Ukurasa mmoja wenye mambo hayo utafanya kazi kuliko saini mia tatu zisizo na maelezo. Chapisheni nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine irudi nanyi ikiwa na mhuri wa kupokelewa, tarehe, na jina la aliyeipokea. Barua iliyotumwa kwa simu ya mwenyekiti kwenda kwa simu ya mwakilishi wadi ina faida zake, lakini baada ya miezi sita hakuna atakayeikumbuka.

Hakikisheni pia mnabisha mlango ulio sahihi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti mitaro ya maji ya mvua katika maeneo ya mijini, uzoaji wa taka, taa za barabarani na barabara za kaunti. Lakini mtaro ukifuata kando ya barabara kuu ya kitaifa, kama ile ya Nairobi, ya Malindi au ya Lungalunga, mwenye barabara ni Mamlaka ya Barabara Kuu, na kaunti itawaambia hivyo baada ya kuwachelewesha. Mkiwa na shaka, andikieni ofisi zote mbili na kila moja ione kuwa mwenzake amepata nakala. Ombi rasmi kwa bunge la kaunti nalo lina njia yake katika kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na haki hiyo ni ya kila mtu, hata asiye na chama.

Mkisikia kuwa fedha za mtaro zilikwisha kutolewa miaka iliyopita, msibishane barazani. Ombeni nakala ya kandarasi kwa kutumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kuamua juu ya ombi la habari mapema iwezekanavyo, tena ndani ya siku 21, na msiporidhika mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kabla ya yote hayo, Katibu, kuna jambo ambalo huenda kamati yako isilipende. Sehemu kubwa ya mji wetu haina mabomba ya majitaka na nyumba nyingi zinategemea mashimo. Shimo likijaa, au mwenye nyumba akiona gharama ya kulinyonya ni kubwa, bomba la bafu huelekezwa mtaroni usiku na likafunikwa na kipande cha bati. Taka nazo humwagwa humo humo, hasa siku ambazo lori halikupita, na tangu jaa la Kibarani lifungwe safari ya taka kutoka kisiwani ni ya mbali, mpaka Mwakirunge. Nawaelewa wanaofanya hivyo. Hata hivyo, mkaguzi wa kaunti akija kuutazama mtaro na bomba la kwanza analoliona likawa linatoka ua wa mjumbe wa kamati, barua yenu itafia hapo hapo. Utembeeni mtaro wenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, na mzungumze na kila mwenye bomba kabla hajazungumzwa na serikali.

Mhariri, mimi ni mama mpangaji, Kisauni. Mwenyekiti wa chama chetu amesema wapangaji waje mkutanoni wasikilize tu, kwa sababu hawana mali mtaani. Mwenye nyumba wangu mwenyewe hana ardhi, ana nyumba tu, na kila mwezi humlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja. Nani basi ni mkaazi?
Mpangaji, Kisauni

Dada yangu, umemshika mwenyekiti pabaya. Mombasa ina desturi ya nyumba bila ardhi: kiwanja kina mwenyewe, kuta na paa vina mwenyewe mwingine, na ndani ya vyumba wako wapangaji. Ikiwa sauti hutokana na kumiliki ardhi, basi katika mitaa mingi ya Kisauni, Likoni na hata Majengo watakaobaki na haki ya kusema ni watu wachache, na baadhi yao hawaishi huko kabisa.

Kitakachoamua ni katiba ya chama, kwa hivyo iombe uisome. Ikisema mwanachama ni mkaazi, wewe ni mkaazi, maana unalala hapo, watoto wako wanapita katika mtaro huo, na mtungi wa maji unaununua kwa bei ile ile anayonunua mwenye nyumba. Ikisema mwanachama ni mwenye nyumba peke yake, hicho ni chama cha wenye nyumba na wapangaji wana uhuru wa kuunda chao chini ya kifungu cha 36 cha Katiba ya nchi, ingawa sioni mtaa mdogo ukifaidika kwa kuwa na vyama viwili. Mimi ningependekeza kura ya wote katika mambo ya taka, maji, usalama na mwanga. Yanapohusu kuchimba shimo jipya au kubomoa ukuta, hapo mwenye nyumba na mwenye ardhi lazima waulizwe mbele, kwani ruhusa ni yao.

Mhariri, kila nyumba huchanga shilingi 200 kwa mwezi kwa ajili ya mlinzi na taa. Mweka hazina wetu ni mzee anayeheshimika sana, naye husema hesabu anazo kichwani. Tukimuuliza huonekana tumemkosea adabu. Tufanyeje?
Kijana wa Tudor

Mwanangu, msimuulize yeye, uulizeni mkutano. Kama chama chenu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kinatakiwa kuitisha mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, kuweka vitabu vya hesabu, na kuwaachia wanachama nafasi ya kuvikagua. Kama kimesajiliwa kuwa kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022, ofisi ya maendeleo ya jamii iliyowasajili ndiyo ya kuwaeleza masharti yake.

Mtu mmoja, si lazima awe wewe, atoe hoja kuwa mzee amechoka kuubeba mzigo huu peke yake na asaidiwe na mwandishi kijana. Kijana huyo afungue daftari lenye tarehe, jina la nyumba, kilichoingia na kilichotoka, na mwisho wa kila mwezi mzee atie saini chini ya ukurasa. Michango ipite katika akaunti ya chama yenye watia saini watatu, isipite katika simu ya mtu. Mwaminifu atashukuru kuwa jina lake limelindwa. Akikataa daftari lenyewe, hapo mtajua kuwa suala si adabu, na ajenda ya mkutano mkuu iwe na kipengele cha uchaguzi.

Mhariri, kuna mtu anayetaka kugombea kiti 2027 amejitolea kulipia usajili wa chama chetu, fulana za wanachama wote na mawe ya kutengeneza njia. Wanachama wengi wanataka tukubali.
Mwenyekiti, Likoni

Ndugu Mwenyekiti, usajili wa chama si ghali kiasi cha kuwashinda wanachama wakichanga, kwa hivyo lipeni wenyewe. Fulana zikataeni kwa upole na kwa maandishi. Mawe ni jambo jingine: ikiwa njia ni ya kaunti, yeyote anayetaka kuitengeneza apate kibali cha kaunti kwanza, nanyi muandike katika kumbukumbu za mkutano nani alitoa nini na lini, bila jina la chama kutiwa kwenye bango lake. Na kama yuko mjumbe wa kamati yenu anayenuia kugombea naye, au kumfanyia kampeni mgombea yeyote, ajiuzulu wadhifa sasa, abaki mwanachama wa kawaida mpaka Agosti ya uchaguzi ipite.