Hariri inayofumuka: anza na kitambaa cha chini

Dada yangu wa Jinja, umesema umerithi vipande vya gomesi za shangazi (yale magauni marefu ya kina mama wa Uganda), unataka kuviunga viwe kifuniko cha kitanda, lakini kila ukishona hariri inafumuka.

Kwanza hakikisha ni hariri. Gomesi nyingi siku hizi ni poliesta. Chomoa nyuzi mbili, ziwashe juu ya sahani: hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, poliesta huyeyuka ikaganda kama shanga.

Kisha, usiunge hariri kwa hariri. Chukua marekani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ifue kwa maji moto inywee kabisa, ndipo upange vipande juu yake. Anza katikati. Kipande cha pili kilaze kifudifudi juu ya cha kwanza, shona ukingo, kigeuze, piga pasi ya moto mdogo ukitanguliza kitambaa cha pamba. Ukingo uwe sentimita moja na nusu. Usibane kama unashona kitenge. Marekani ndiyo itakayobeba uzito, hariri ikae tu kama bibi harusi.

Maungio yafunike kwa kudarizi: sindano iende kushoto, kulia, mfano wa mifupa ya samaki. Uzi wa kudarizi una nyuzi sita. Tenganisha mbili tu. Sindano iwe nyembamba. Mimi niliwahi kutumia nene, kitambaa kikawa chungio!

Ila kwa kitanda cha kila siku, hapana. Watoto wakirukaruka wataimaliza. Tengeneza mito ya sebuleni.