Mahler yatumaliza midomo

SWALI: Okestra yetu ya vijana inaandaa Simfoni Na. 1 ya mtunzi Mahler. Mwanzo hutoka kwenye tuni, na wapiga pembe (ala za shaba za kupuliza) huchoka midomo kabla ya mwisho. Tufanyeje?

JIBU: Mwanzo ni nota moja tu, A, iliyotandazwa kwenye oktava nyingi (nota ileile, kutoka chini sana hadi juu sana), na hapo hakuna pa kujificha. Ala nyingi za nyuzi hupiga hamoniki: kidole kinagusa uzi bila kuukandamiza. Kikikosa mahali pake hata kidogo, sauti hukwaruza au hupotea. Tunini besi kwanza, kisha mpande oktava moja moja. Upinde uwe mwepesi na usogee karibu kidogo na daraja.

Tarumbeta zinazopigwa nje ya jukwaa huwa na kasoro mbili. Zikipoa hushuka tuni, kwa hiyo wapigaji wapulize hewa kimyakimya wakisubiri. Umbali nao huzichelewesha. Waangalie mwongozaji kwenye skrini, wasifuate wanachosikia.

Kuhusu pembe, Mahler ameandika 7. Ongezeni ya 8 impumzishe wa kwanza kwenye sehemu nzito. Kosa kubwa la vijana (na la watu wazima pia) ni kumwaga nguvu zote pale D kubwa (ufunguo wa D meja) inapochomoza mara ya kwanza katikati ya sehemu ya nne, ya mwisho ya simfoni. Ule si mwisho! Punguzeni sauti hapo. Siku nyingine anzeni mazoezi na kurasa za mwisho, midomo ikiwa bado mibichi, pembe zikiwa zimesimama kama alivyoagiza: kusimama hubadilisha pumzi.