Maswali na majibu: Umehamishwa kikazi, utapanga mtaa gani?

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wanaohamia mji mwingine kwa ajili ya kazi. Tumeyafupisha.

Nimepewa wiki tatu niwe nimeripoti kwenye mji ambao sijawahi kufika. Kutafuta mtaa nianzie wapi?

Anzia kazini, nyumba itafuata. Weka alama mahali pa kazi kwenye ramani, kisha amua ni dakika ngapi uko tayari kukaa njiani. Sisi hushauri zisizidi 45 kwenda, tangu unapofunga mlango wa nyumba mpaka unapoketi kazini, pamoja na kutembea hadi kituoni na kusubiri gari. Dakika 45 kwenda na 45 kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni saa 33 kwa mwezi. Ongeza dakika 20 tu kila upande na utafika karibu saa 48.

Muda huo upime kwa saa utakayosafiri kweli. Ukifungua ramani ya simu Jumapili saa sita mchana, itakuonyesha barabara tupu ambayo hutaikuta Jumatatu saa moja na nusu asubuhi.

Ukishapata mitaa mitatu inayofaa, usisaini mkataba wa mwaka ukiwa bado uko mbali. Tafuta chumba cha muda cha wiki mbili hadi nne, hata kama kwa siku kinakuwa ghali. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na miezi 12 kwenye mtaa usiokufaa. Na kabla hujakubali uhamisho, muulize mwajiri kwa maandishi kama posho yake inalipia malazi ya muda, kwa siku ngapi, na kama inalipwa kabla au baada ya kuleta risiti. Wengi huuliza wakiwa wameshafika, wakati ambapo hawana tena nguvu ya kujadiliana.

Naambiwa kodi ya nyumba isizidi theluthi ya mshahara. Ni kweli?

Ni kipimo cha kuanzia tu, nacho kifanye kwa fedha inayofika mkononi baada ya makato yote. Kilicho bora zaidi ni kujumlisha kodi na nauli. Tuseme unapokea 100. Nyumba ya mbali ni 25 lakini nauli inakula 15, jumla 40. Nyumba ya karibu ni 32 na unakwenda kazini kwa miguu. Ile iliyoonekana ya bei nafuu ndiyo ghali.

Halafu uliza kodi imebeba nini: maji, takataka, ulinzi, maegesho? Kama wapangaji mnatumia mita moja ya umeme, uliza bili hugawanywaje, kwa chumba au kwa idadi ya watu. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia, kwa sababu mwenye taa mbili hujikuta akilipa sawa na mwenye jiko la umeme.

Fedha ya kuingilia ihesabu kivyake: kodi ya miezi ya mbele, amana, ada ya dalali na gari la mizigo. Zote hutoka kabla hujapokea mshahara wa kwanza wa kituo kipya, na bado utahitaji kula na kusafiri mpaka mwisho wa mwezi.

Nitajuaje kama mtaa ni salama? Kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Wanakupa majibu tofauti kwa sababu swali ni pana mno. Ukiuliza "hapa ni salama?" utaambiwa ndiyo na anayeupenda mtaa wake, na hapana na aliyeibiwa juzi. Uliza jambo la kujibika. Mwulize mwenye duka anafunga saa ngapi, na kwa nini saa hiyo. Mwulize mpangaji mara ya mwisho kuibiwa jengo lile kiliibiwa nini, na mwizi alipitia wapi. Dereva wa teksi mwulize kama anakubali kuingia mtaa huo saa tano usiku. Jibu la dereva lina uzito wa pekee, maana yeye huamua kwa kipato chake.

Kisha nenda mwenyewe mara tatu: siku ya kazi asubuhi, siku ya kazi saa mbili au saa tatu usiku, na Jumamosi usiku. Tembea kutoka kituoni mpaka mlangoni. Hesabu taa zinazowaka, si nguzo za taa. Angalia kipande chenye kuta ndefu zisizo na madirisha, maduka wala watu, kwa sababu hapo hakuna atakayekuona ukipata shida. Mtaa wenye kelele kidogo, maduka yaliyo wazi na watu waliokaa nje mara nyingi ni salama kwa mtembea kwa miguu kuliko mtaa wa kimya wenye mageti marefu. Wageni wengi hulichanganya jambo hili, wakadhani ukimya ndio usalama.

Kama polisi wa mji huo hutoa takwimu, linganisha matukio kwa kila wakazi 1,000, usilinganishe idadi tupu. Hata hivyo katikati ya mji patatisha kuliko hali ilivyo, kwani maelfu huingia mchana bila kuhesabiwa kama wakazi. Tenganisha pia aina ya uhalifu. Kuporwa simu kituoni na kuvunjiwa nyumba ni hatari mbili tofauti, na kinga zake ni tofauti.

Mwisho, kagua mlango wenyewe. Watu hutazama kitasa, lakini mlango ukipigwa teke kinachoachia mara nyingi ni fremu. Fungua mlango, tazama kile kibati cha kwenye fremu ambamo ulimi wa kitasa huingia. Kama skrubu zake ni fupi, zimeshika ubao mwembamba tu. Omba ziwekwe za sentimita 7 au 8 zinazofika ukutani. Ni kazi ya dakika chache, na mwenye nyumba anayeikataa amekuonyesha atakavyokuwa siku bomba likipasuka. Ukiona fremu ina kiraka kipya cha mbao pembeni ya kitasa, uliza kilichotokea.

Nyumba ni nzuri na kodi iko chini sana, ila ipo bondeni. Nichukue?

Kwanza hakikisha haifurikiwi. Ukuta uliopakwa rangi mpya mita moja ya chini tu, huku juu rangi ni ya zamani, unaficha kitu. Chuchumaa utazame bawaba za milango: ya chini ikiwa imeoza kwa kutu na ya juu ni safi, maji yamewahi kusimama humo. Unga mweupe kama chumvi kwenye matofali, soketi zilizohamishiwa juu kuliko kawaida, na fanicha za jirani zilizopandishwa juu ya matofali vinasimulia habari ileile. Uliza jirani wa nyumba ya pili, wala si wa jengo hilo, maji hufika wapi mvua ikinyesha usiku kucha. Na barabara je? Nyumba inaweza kubaki kavu huku daraja la kutokea limezama, nawe kazini hufiki.

Nimeona tangazo mtandaoni. Mwenye nyumba yuko safarini na anataka nilipe amana ili anishikilie nyumba.

Usilipe. Picha nzuri, bei ya chini, mwenye nyumba asiyepatikana na haraka ya malipo ni mpango unaojulikana wa matapeli. Hata kama nyumba ipo kweli, anayekuandikia anaweza asiwe na mamlaka nayo. Fedha itoke baada ya mambo matatu: wewe au mtu unayemwamini ameingia ndani, jina kwenye mkataba limelingana na kitambulisho na hati ya umiliki au barua ya uwakala, na majirani wanamtambua mtu huyo. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, kisha dai risiti.

Mimi ni mwanamke na nitafanya kazi zamu ya usiku. Nizingatie nini zaidi?

Kwako mtaa ni ile njia ya saa nane usiku. Ulizia gari la mwisho na la kwanza, na kama mwajiri ana gari la zamu, ulizia linashusha wapi hasa: getini au barabara kuu? Mita 400 za mwisho ndizo za kukagua kwa makini. Chagua jengo lenye mlango wa pamoja unaojifunga na mlinzi aliye macho, na chumba kisicho chini kabisa. Kwa kuwa utalala mchana, kaa humo nusu saa adhuhuri usikilize: gereji, shule au karakana ya kuchomelea jirani itakunyima usingizi kila siku.

Nina watoto wawili. Nitangulize shule au nyumba?

Shule. Uliza kama ina nafasi kwa madarasa yao kabla ya kulipa kodi, na kama hupokea wanafunzi kwa mtaa wanakoishi.

Nina miezi sita ya majaribio kazini, mwenye nyumba anataka mkataba wa miezi 12. Nifanyeje?

Omba kifungu kinachokuruhusu kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili endapo ajira itakoma au utahamishwa, nacho kiandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Ahadi ya mdomo haitakusaidia amana ikizuiwa. Akikataa, pendekeza miezi sita yenye haki ya kuongeza kwa kodi ileile, hata kama utamwongezea kidogo kila mwezi. Siku ya kupokea funguo, piga picha kila chumba, kila ufa na namba za mita, umtumie siku hiyohiyo ili zibaki na tarehe.